Ziara ya Bustani Ianzie Nyuma ya Ukuta

Kila mwaka, wanachuo wanaporudi kutoka katika mazoezi ya kufundisha, sisi wakufunzi hukaa na kusoma taarifa za ziara walizofanya na watoto. Taarifa hizo hufanana kama mapacha. Darasa liliondoka saa mbili asubuhi, lilipokewa na mwenyeji, likaonyeshwa maua mekundu, meupe na ya manjano, mwenyeji akaeleza, watoto wakaandika, wakala walichobeba, wakarudi salama. Mwishoni huwekwa sentensi isemayo kwamba watoto walifurahi sana. Hatuna ugomvi na furaha ya watoto. Lakini tukimwuliza mwanachuo watoto wake walijifunza nini siku ile ambacho wasingekipata kwa kutazama picha ya maua iliyobandikwa ukutani, mara nyingi hukosa jibu. Naye si wa kulaumiwa peke yake, kwani sisi tuliomfundisha tumewahi kukosa jibu hilo hilo, kama tutakavyosimulia.

Rai yetu ni hii. Mwalimu anayewapeleka watoto katika bustani, hasa bustani kubwa ya zamani iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye mali, asiwaanzishe penye maua. Awapeleke kwanza nyuma ya ukuta: penye lundo la samadi, penye banda la majembe, penye kisima na bomba, penye chumba walichokula na kulala watu waliofanya kazi. Maua yatawasubiri. Mtoto aanzaye na maua huridhika, akaketi kivulini. Aanzaye na samadi huyafikia maua baadaye akiwa na maswali kinywani.

Twapenda kulieleza jambo hili kwa mfano wa bustani ya mbali, iliyoko Uingereza. Wako watakaouliza kwa nini mwalimu wa shule ya msingi wa hapa kwetu asumbuliwe na bustani za makabaila wa Kiingereza. Sababu ya kwanza ni kwamba ndiko tulikofumbuliwa macho sisi wenyewe. Ya pili ni kwamba bustani za mashamba makubwa ya zama za Malkia Victoria, aliyetawala tangu 1837 hadi 1901, zilikuwa na ufundi wa pekee wa kuificha kazi iliyozitengeneza. Na mwalimu aliyezoea kukitafuta kilichofichwa kwa ustadi namna ile hatashindwa kukiona kilichofichwa kwa uzembe jirani na shule yake. Iko na sababu ya tatu, lakini hiyo tutaifikia mahali pake.

Bustani tuisemayo yaitwa Heligan. Iko Cornwall, pembe ya kusini-magharibi kabisa ya Uingereza, karibu na kijiji cha wavuvi cha Mevagissey. Tangu karne ya 16 ilikuwa mali ya ukoo mmoja wa kikabaila, ukoo wa Tremayne, na vizazi vya ukoo huo viliongeza hiki na kile hata ikawa mji mdogo wa bustani: bustani za mboga zilizozungushiwa kuta za matofali, mabanda ya vioo, bustani ya mtindo wa Kiitalia, na bonde lililopandwa mimea ya nchi za mbali. Kwa kuwa bahari iko karibu, baridi ya huko si kali kama ya sehemu nyingine za Uingereza, na ndiyo maana bondeni mle mnaota kangaga wenye mashina marefu kama minazi michanga, walioletwa kutoka Australia. Kabla ya 1914 walikuwako watunza bustani wapatao 22.

Tulifika huko siku moja ya mvua nyembamba, tukiwa katika mafunzo mafupi pamoja na walimu wa nchi nyingine. Tulitembea kutwa. Tulipiga picha nyingi sana. Tuliporudi nyumbani tuliandaa kipindi, tukabandika picha ubaoni, tukawahadithia wanachuo kwa dakika arubaini maajabu tuliyoyaona, na tukajiona tumefundisha vizuri. Katikati ya hadithi tulitaja, kama kichekesho tu, kwamba katika nchi ile ya baridi palikuwa na shimo ambamo mananasi yaliiva kwa joto la samadi ya farasi.

Mwanachuo mmoja, binti aketiye nyuma na asemaye kwa nadra, akanyosha mkono. “Samahani Mwalimu,” alisema, “samadi hiyo ilikuwa ikibadilishwa mara ngapi, na ni nani aliyekuwa akiibadilisha?”

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumesimama kando ya shimo lile kwa karibu robo saa. Tulikuwa na picha tatu za vioo vyake na moja ya nanasi. Mtu na toroli hatukumwuliza habari zake, wala hatukukumbuka kwamba alikuwako wakati wowote. Tukasema tutaliangalia swali hilo, maneno ambayo kila mwanafunzi anajua maana yake. Lakini safari hii tuliliangalia kweli.

Shimo la mananasi ni handaki la matofali lenye vyumba vitatu virefu vinavyokwenda sambamba. Chumba cha katikati kimefunikwa kwa vioo vilivyoinama kulielekea jua, na humo ndimo vikaamo vyungu vya mananasi. Vyumba viwili vya pembeni hujazwa samadi mbichi ya farasi iliyochanganyika na majani makavu waliyolalia. Samadi mbichi, ikirundikwa yenye unyevu, huanza kuozeshwa na vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, na kazi ya vijidudu hivyo hutoa joto. Joto hilo hupenya katika matundu yaliyoachwa makusudi katika kuta za ndani, na hewa ya moto ikazunguka vyungu. Baada ya muda samadi hupoa. Hapo sharti itolewe kwa uma na toroli, itiwe nyingine. Na katikati ya mageuzi hayo yote sharti mtu mwangalifu achunguze kipimajoto, kwa maana samadi ikizidi moto mizizi huungua, na ikipoa usiku wa baridi kali mmea hufa. Nanasi moja lilidai uangalizi wa namna hiyo kwa miaka miwili au zaidi. Jibu la yule binti, basi, ni kwamba samadi ilibadilishwa tena na tena, na waliokuwa wakiibadilisha ni vijana wa kazi, nyakati za baridi na mvua, ili tunda moja liwekwe juu ya meza ya bwana mkubwa.

Na tunda lenyewe halikuwa la kushibisha. Katika karne ya 18 nanasi lilikuwa na thamani hata Mwingereza mwenye karamu asiye na uwezo wa kulinunua aliweza kulikodi kwa usiku mmoja, likawekwa mezani litazamwe, kesho yake likarudishwa kwa mwenyewe likakodishwe kwingine. Kwa mtoto wa kwetu anayeyaona mananasi yamepangwa kando ya barabara kwenye karai, habari hii ni kichekesho kikubwa. Na kichekesho ni mlango mzuri wa somo. Mwulizeni: kwa nini kitu kilicho rahisi hapa kilikuwa fahari kule? Atasema jua. Mwulizeni tena: basi wao walilitoa wapi jua lao? Hapo ndipo mtakapoanza kusema habari za samadi, za matofali, za vioo, za farasi, na za mkono ulioshika uma. (Tukumbuke pia kwamba nanasi si la kwetu kwa asili. Limetoka Amerika ya Kusini, na neno lenyewe lilianza katika lugha za wenyeji wa huko, likapita vinywa vingi mpaka vyetu. Watoto hupenda kusikia kwamba maneno nayo husafiri.)

Mwalimu asiyeweza kulipeleka darasa lake popote aweza kuileta sehemu ya somo hili uani. Watoto warundike samadi mbichi ya ng'ombe pamoja na nyasi mbichi zilizokatwakatwa, lundo lifike urefu wa kiuno cha mtu mzima au kupita, walinyunyizie maji liwe na unyevu wala lisitote, walifunike kwa majani ya mgomba. Wachomeke kipande cha nondo mpaka katikati ya lundo, na kipande kingine kama hicho katika udongo wa kawaida. Baada ya siku chache mwalimu avute vyote viwili, avishike yeye kwanza, kisha awape watoto wavishike kwa zamu. Hatujapata kuona darasa lililokaa kimya mbele ya nondo ile. Kisha wanawe mikono kwa sabuni, na ndipo waambiwe habari za mananasi ya Cornwall. Baadhi yetu tumejaribu kuanza kwa maelezo na kumaliza kwa nondo. Hupoa, kama samadi.

Tumesema kwamba bustani hizi zilikuwa na ufundi wa kuificha kazi. Yafaa tuoneshe mfano ulio wazi zaidi kuliko Heligan, ingawa tunaujua kwa kusoma tu. Katika shamba la Chatsworth, mkoani Derbyshire, mtunza bustani mkuu alikuwa Joseph Paxton, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1826 akiwa kijana wa miaka 22. Tangu 1836 alisimamia ujenzi wa banda kubwa la vioo, lenye urefu wa mita zaidi ya 80 na upana wa mita zaidi ya 35. Malkia Victoria alipolizuru mwaka 1843 alipita ndani yake akiwa katika gari la farasi, taa zikiwaka pande zote. Banda hilo lilipashwa joto na boila nane zilizosukuma maji ya moto katika kilomita zipatazo 11 za mabomba. Boila hizo zililishwa makaa ya mawe. Lakini mgeni aliyetembea chini ya mitende mle ndani hakuona makaa wala mchukuzi wake, kwa kuwa makaa yaliletwa kwa reli ndogo iliyopita chini ya ardhi, na boila zenyewe zilikuwa chini ya sakafu. Mgeni alihisi joto tu, kana kwamba limetoka kwa Mungu moja kwa moja.

Ufundi ule ulikuwa mkubwa, wala hatuubezi. Paxton huyo ndiye aliyebuni jumba la vioo la maonyesho makubwa ya London ya 1851, naye alizaliwa mtoto wa mkulima wa kawaida. Lakini mwanachuo atazame vizuri: handaki la makaa lilichimbwa ili kazi isionekane. Katika mashamba mengi ya aina hiyo hata watunza bustani walitakiwa wawe wamekwisha kufagia njia na kuondoka kabla bwana na wageni wake hawajatoka kupunga hewa. Bustani ikitazamwa kwa macho ya mgeni aliyekusudiwa, yaonekana imejiotea. Na mwalimu anayewaongoza watoto kwa njia ile ile aliyoandaliwa mgeni wa bwana, akisimama pale mgeni aliposimama na kushangaa pale mgeni aliposhangaa, amewafanya watoto wake kuwa wageni wa bwana, hata kama bwana mwenyewe amekufa zaidi ya miaka mia iliyopita.

Majina ya mimea nayo yalikwenda njia hiyo. Paxton alikuza Chatsworth aina ya mgomba mfupi ulioitwa Cavendish, jina la ukoo wa bwana wake, Mtawala wa Devonshire. Na ndizi za jamii hiyo ndizo zinazouzwa kwa wingi kuliko zote katika biashara ya nje ya ndizi duniani leo. Ua dogo la kivulini lililopelekwa Uingereza kutoka Unguja liliitwa na wataalamu, mwaka 1882, Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Unguja. Siku hizi huhesabiwa pamoja na Impatiens walleriana, jina litokanalo na mmishonari Mwingereza, Horace Waller. Ua la buluu la milima ya Usambara, linalokaa katika vyungu vya madirisha ya Ulaya na Marekani, lilipewa mwaka 1893 jina la Saintpaulia, kwa heshima ya ofisa wa Kijerumani wa Tanga. Mabwana, Sultani, mmishonari, ofisa. Aliyemwagilia hayumo.

Hii ndiyo sababu ukuta mmoja mdogo wa Heligan umetushika kuliko maua yake yote. Karibu na ua walimolima matikiti na mananasi pana kichumba cha choo cha wafanyakazi. Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, watunza bustani waliandika majina yao kwa penseli katika lipu ya ukuta wa choo hicho, wakaweka na tarehe. Kisha walikwenda vitani, na wengi wao hawakurudi. Jumba likatumiwa na maofisa waliokuwa wakiuguza majeraha, mwenye mali akaenda kuishi Italia miaka michache baada ya vita, jumba likapangishwa. Bustani haikuuawa na mtu. Ilikosa mikono tu. Miiba na mitambaazi ikapanda juu ya kuta, vioo vikaanguka, miti ikaota ndani ya mabanda, hata mahali pale pakasahaulika kwa muda wa zaidi ya nusu karne.

Mwaka 1990 mrithi mmoja wa ukoo ule, John Willis, aliingia porini mle pamoja na Tim Smit, mtu aliyekuwa na shauku ya mambo ya kale. Walikata miiba, wakakuta kuta, wakakuta kichumba, wakakuta majina. Walioifufua bustani hiyo, ambayo ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1992, waliamua kwamba watakaposimulia historia yake hawatasimulia ya mabwana peke yao, bali ya watu wa jembe. Mwaka 2013 kichumba hicho cha choo kilitambuliwa na Makumbusho ya Vita ya Kifalme ya Uingereza kuwa ukumbusho hai. Nasi tulikuwa tumepita mlangoni pake. Tulichungulia, tukaona giza na kibao cha kukalia, tukaenda zetu kupiga picha za kangaga.

Sasa tumefika kwenye ile sababu ya tatu. Vita iliyowachukua vijana wa Heligan mwezi wa Agosti 1914 ilifika kwetu mwezi huo huo, ikaendelea katika nchi hii mpaka Novemba 1918. Majeshi ya pande zote mbili yaliwachukua watu wetu kwa mamia ya maelfu wawe wapagazi, wengi wao kwa nguvu. Walibeba mizigo vichwani katika nchi isiyo na barabara. Walikufa kwa maelfu mengi, zaidi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, ambalo kila mtoto wa Dar es Salaam hulitamka anapotumwa sokoni, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi cha Waingereza. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mjini humo mwaka 1927 ina maandishi ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, nayo huwataja wapagazi kwa ujumla wao, bila jina la hata mmoja. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika taarifa yake kwamba waliokufa katika Vita hiyo wasiokumbukwa kwa majina, au wasiokumbukwa kabisa, si chini ya 116,000, na yamkini idadi yao yafika 350,000. Na sehemu kubwa yao ni watu wa Afrika ya Mashariki na Misri.

Vijana wa Heligan walikuwa maskini wa kazi, lakini walijua kuandika, walikuwa na penseli, na walikuwa na ukuta. Wapagazi wetu hawakuwa na ukuta. Tunapomfundisha mtoto wa darasa la tano kusoma na kuandika tunampa penseli ile. Na hatuoni kwa nini, tunapompeleka katika bustani, tumfundishe kuandika majina ya maua peke yake.

Mwenzetu mmoja katika chumba cha wakufunzi alituambia kwamba tunatia siasa katika maua. Hatukuona haja ya kukataa sana. Bustani ya kabaila ilikuwa siasa tangu ilipozungushiwa ukuta. Sisi tumeomba tu mlango wa nyuma ufunguliwe. Lakini katika maneno yake limo onyo la kweli ambalo mwanachuo alishike. Ziara isigeuzwe mahakama. Mtoto akirudi anajua tu kwamba mabwana walikuwa wabaya, amejifunza kidogo kuliko yule aliyehesabu rangi za maua. Vijana wale waliochota samadi walikuwa pia mafundi wenye fahari na kazi yao. Walijua kukisia joto kwa mkono, kupandikiza, kupogoa, kuivisha tunda siku iliyotakiwa. Mtu hawezi kuwaheshimu kwa kuyadharau maua waliyoyakuza. Kwa hiyo maua yatazamwe, tena kwa kituo na kwa furaha, ila yatazamwe mwishoni.

Wengine husema kwamba watoto wadogo hawawezi mambo hayo. Hao hawajamsikia mtoto wa miaka minane akiuliza nani anaosha vyombo.

Ama kuhusu utaratibu, tusingependa kuandika hatua moja mpaka kumi, kwa sababu wanachuo huzinakili katika andalio la somo na kuacha kufikiri. Yatosha kusema machache yaliyotusaidia. Mwalimu atangulie yeye mwenyewe katika bustani siku kabla ya ziara, atafute mahali pa nyuma. Asipopatafuta mapema hatapaona siku ile, kwa kuwa mwenyeji hatampitisha huko. Asiwape watoto maswali ishirini. Awape kitu kimoja cha kufuata tangu mwanzo hadi mwisho: maji, kwa mfano, au samadi, au njia iliyofagiliwa. Watoto wanaofuata maji watapima kwa hatua umbali wa kutoka kisimani hadi kwenye tuta la mwisho, watahesabu ndoo, watazidisha, na hesabu yao itakuwa na jasho ndani yake. Watoto wanaofuata njia watauliza nani aliifagia na saa ngapi aliamka.

Na jambo ambalo wanachuo wetu huliogopa kuliko yote: wakutanishwe na mtu wa kazi. Mwongozaji rasmi hujua miaka na majina ya wakubwa. Mtu wa jembe hujua mahali udongo unapotuamisha maji na mwaka ule mchwa walipokula uzio. Lakini mtu huyo hatasema kitu akiitwa mbele ya watoto arubaini na kuambiwa, “Haya Mzee, tueleze.” Mwalimu aende kwake siku ile ya kutangulia, amwamkie kama inavyopasa, akae, amweleze watoto watataka kujua nini, na amwombe ruhusa ya kuandikwa jina. Watoto nao wafundishwe darasani namna ya kumwuliza mtu mzima swali bila kumhoji kama polisi. Katika chuo chetu zoezi hilo huchukua vipindi viwili, na tungeongeza cha tatu kama ratiba ingeruhusu.

Yule binti aliyetuuliza habari za samadi alikwenda mazoezini katika shule iliyo karibu na bustani ya zamani ya shamba la mlowezi mmoja, ambayo sasa imebaki miti ya vivuli, ngazi za mawe na tuta moja la waridi. Alimkuta mzee aliyefanya kazi pale tangu ujana wake. Katika taarifa yake maua yametajwa mwishoni, kwa mistari minne. Ukurasa wote wa kwanza ni habari za mzee huyo: alivyokuwa akiamka, alivyochoma majani, alivyofundishwa kukata waridi na mtu ambaye jina lake alilikumbuka na la baba yake pia. Ameandika kwamba mtoto mmoja alipomwomba mzee ataje jina lake kamili ili liandikwe daftarini, mzee alilitaja polepole, akangoja mpaka penseli ya mtoto imetulia, kisha akasema liandikwe na la mkewe chini yake, kwani maji yote ya waridi alikuwa akiyachota yeye.